Mafahali wa Pasipoti

Chediel aliliona neno lile akiwa bado mlangoni, amekumbatia fremu kwa mikono miwili, na wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba waliochapa bango wamekosea. Bango lilikuwa refu kama kanga tatu zilizoungwa, limetundikwa ukuta wa mbele wa ukumbi, na herufi zake hata aliyesahau miwani nyumbani angezisoma: FAHARI.

Akasoma tena. Watu wa mabango hukosea tarehe, au hukosea jina la mgeni rasmi na kuharibu siku ya mtu. Neno lenyewe hawakosei. Akageukia kuta. Kushoto, Pendo, binti mwenye studio karibu na stendi, alikuwa ameshatundika picha za mama yake katika sare nyeupe ya uuguzi: mama amesimama, mama amekaa, mama anafunga kifungo cha mwisho cha kola. Zaidi ya hapo kulikuwa na mhitimu ndani ya joho, wanakwaya wameinua videvu, mkulima kifua mbele katikati ya alizeti zake. Ukuta mzima ulikuwa umenyoosha shingo.

Na yeye mikononi alikuwa na ng'ombe kumi na wawili. Wote madume.

"Kaka Chedi, nafasi yako ni pale dirishani," alisema Simeoni, katibu wa kikundi chao cha wapiga picha, akija na nyundo. "Leta basi tuone ulichotuficha mwezi mzima."

Chediel akaziegemeza fremu, sura zikiutazama ukuta kama watoto walioadhibiwa.

"Simeoni, mada ilikuwa nini?"

"Fahali."

"Sema tena."

"Fahali, bwana. Si ile pale juu imeandikwa?"

Simeoni ni Mnyiramba wa Kiomboi, na kinywani mwake ra na la ni mapacha: anamwita mmoja, anaitika aliye karibu. Wala Chediel, Mnyaturu wa Ihanja, hakuwa na haki ya kumcheka. Siku ya harusi yake mwenyewe alisimama mbele ya wakwe akawashukuru kwa kalamu nzuri waliyomwandalia, na shemeji mmoja, mtu wa fitina, akamletea ya wino kwenye sahani.

Mada ilikuwa imetumwa kwenye kundi la simu kwa njia mbili. Kulikuwa na tangazo la picha, ambalo Chediel hakulifungua kwa sababu bando lilikuwa limekata, na kulikuwa na sauti ya Simeoni, fupi, imejaa upepo wa barabarani: "Mada yetu ni fahali. Kila mtu atuletee fahali ya mkoa wetu, picha kumi na mbili, zishikamane." Hata ile "ya" haikumshtua. Kwao Ihanja watu husema ng'ombe yangu, ng'ombe ya baba, na ng'ombe hajawahi kulalamika. Angeweza kumuuliza mtu mmoja tu katika mwezi ule na angepona. Hakuuliza, maana aliogopa wenzake wasije wakamwibia wazo.

Na wazo lile lilikuwa la mwisho alilobaki nalo. Studio yake ya Mandewa iliishi miaka kumi na minne kwa picha za pasipoti: kitambaa cha bluu ukutani, kigoda, kioo kidogo cha kujiangalia meno. Kisha ofisi moja baada ya nyingine zikaanza zenyewe kuwapiga watu picha hapo hapo dirishani, na waliobaki wakajipiga kwa simu. Katika wiki tatu zilizopita mteja wake alikuwa mmoja tu, mtoto mchanga, naye alilala. Lakini shirika moja la ufugaji nyuki lilikuwa linatafuta mpiga picha wa kukaa Rungwa mwaka mzima na warina asali, na mtu huyo angechaguliwa kwenye maonesho haya. Mkewe, Yustina, alikuwa amelipanga jambo hilo kwa maneno machache wakati anapiga pasi shati la leo: "Wakikuchukua, tumepona. Wasipokuchukua, Jumatatu tunaenda Ihanja kwa Andrea tukalime, na hiyo kamera tutaifungia sandukuni ili isikupe mawazo."

Andrea ni kaka yake, na alishasema anahitaji mtu wa kushika plau.

"Mbona hutundiki?" aliuliza Simeoni. "Yule dada wa Dodoma ameshafika. Anaanzia upande wa Pendo."

Kurudi nyumbani na fremu zile hakuweza. Kuzitundika hakuweza pia, ila kutundika kulikuwa na misumari tayari. Akazigeuza moja moja, na Simeoni akagonga misumari ya mbili za kwanza. Alipofika ya tatu nyundo ikabaki hewani.

"Chedi. Hawa ni ng'ombe."

"Gonga msumari, Simeoni."

"Ni ng'ombe wote?"

"Wewe ndiye uliniambia fahali."

Simeoni akatazama bango, akatazama dume lililokuwa linamtazama, midomo ikacheza kimya kimya ikilijaribu neno lake mwenyewe. Kisha akagonga msumari. Alipomaliza alijisogeza mpaka ukuta wa pili, mtu aliyegundua ghafla kwamba ana kazi nyingi.

Kumi na mbili zile zilikuwa hivi. Kila dume lilipigwa uso kwa uso, mabega ndani, masikio yote mawili yanaonekana, umbali ule ule, jicho kwa jicho na lenzi, na nyuma yake kitambaa kile kile cha bluu cha studio ya Mandewa. Dume la kwanza aliloliendea lilikirarua kitambaa pembeni, na tangu hapo alijifunza kukifunga kwenye boma, akakaa chini kando yake siku moja, mara nyingine mbili, mpaka mnyama amchoke. Dume likishamchoka mtu humwangalia usoni moja kwa moja, na hapo ndipo alipobonyeza. Mmoja alikuwa na sikio lililochanika, amelibeba kama mtu anayebeba jambo la zamani. Mmoja alionekana kama ameitwa ofisini bila kuambiwa kosa. Mmoja, mweupe, nzi wanne kwenye paji, alikuwa na uso wa mzee aliyefiwa na wenzake wote. Chediel alikuwa amewapiga binadamu maelfu mbele ya bluu ile, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama vile. Wao walitazama fomu wanayokwenda kuijaza.

Jesca, dada wa Dodoma aliyetumwa na shirika la nyuki, alifika dirishani na daftari lake, na hapo akasimama. Chediel alihesabu fremu zote kumi na mbili mara mbili.

"Nani kapiga hizi?"

"Mimi, dada. Chediel."

"Nimepita kuta tano, kila mtu ananionesha watu wanaojivuna," alisema Jesca. "Hawa hawajivuni. Wamekaa tu." Akasogea kwa yule mweupe, akarudi nyuma. "Ukiangalia mmoja unacheka. Ukifika wa sita huna tena hamu ya kucheka. Ni hicho kitambaa. Umewapa heshima tunayowapa watu wanaotaka kusafiri." Akageuka. "Umeambiwa fahari, ukaleta fahali. Umelichezea neno. Ulifikaje hapo?"

Ukumbi ulikuwa na joto. Chediel aliona Ihanja yote mbele yake: asubuhi, udongo mbichi, yeye nyuma ya maksai akitazama mkia mpaka jua lizame, mwezi mmoja baada ya kutazama nyuso.

"Niliwaza," alisema, na sauti ikamtoka laini kuliko alivyotarajia. "Nikajiuliza mtu wetu wa huku fahari yake anaiweka wapi. Nikaona anaiweka zizini."

Jesca akaandika sentensi ile neno kwa neno. Kisha akampa kadi nyeupe na kalamu nene. "Andika jina la picha na jina lako, uweke hapo chini. Halafu usiondoke, naenda kuchukua fomu ya Rungwa."

Akapiga magoti kuandikia kwenye kiti. Kusema ni rahisi, ulimi wa Ihanja unaweza kumfichia mtu mengi. Kadi haifichi. Aliandika F, A, H, A, na kalamu ikasimama hapo hadi wino ukaanza kutengeneza doa. Akaweka R.

Aliyeingia dakika ile alikuwa Mwalimu Eliana, mwamvuli mkononi, viatu vya Jumapili vimejaa vumbi la Ihanja. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka thelathini na tano, akastaafu, akabaki na bustani na dume mmoja aitwaye Diwani, jina alilompa kwa sababu ukimwita haji, ila kukiwa na chakula humwiti. Chediel alikuwa amekaa zizini kwake siku mbili. Alimkaribisha kwenye maonesho kwa heshima tu, hakutegemea kwamba mtu wa umri ule atapanda basi kuja kumtazama ng'ombe anayemwona kila siku.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Akamwonesha. Mwalimu Eliana alimtazama Diwani kwenye fremu, akamtazama, akatoa leso akafuta miwani, akamtazama tena.

"Sikujua ana huzuni," alisema. "Kila siku namwona ubavuni, nampelekea maji. Sikuwahi kusimama mbele yake." Akainama kuona karibu zaidi, na alipoinama akakutana na kadi. Mgongo wa mwalimu ukanyooka wenyewe. "Nani kaandika hapa?"

"Mimi, mwalimu."

"Mimi ndiye niliyekufundisha darasa la nne?"

"Ndiye wewe."

"Na bado?" Kalamu nene ilikuwa kwenye kiti. Akaichukua, akaikata R kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika L juu yake, nzuri, ya ubaoni. "Fa-ha-li. Dume la ng'ombe. Ulikuja kwangu ukaniambia mada ni fahali, nikakuambia basi piga Diwani. Unatundika picha nzuri namna hii halafu unaandika jina kama mtu ambaye hakupita kwangu."

Jesca alikuwa nyuma yao na fomu. Chediel hakumsikia akija, ila alimwona Simeoni kule ukuta wa pili akifumba macho.

"Shikamoo, mama," alisema Jesca. "Alikuja kwako lini?"

"Marahaba. Mwezi uliopita. Akakaa siku mbili na kitambaa chake."

"Na alisema mada ni fahali. Dume."

"Sasa ingekuwa nini?" Mwalimu Eliana akafuata macho ya Jesca hadi bango lile refu. Alilisoma taratibu. Kisha akairudisha kalamu juu ya kiti kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Mwanangu, ungeniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Nisingeshika kitu."

"Dada Jesca," Chediel alianza. "Naomba nikueleze."

"Nieleze."

"Nilisikia vibaya. Picha ni hizo hizo. Hazijabadilika."

"Hazijabadilika. Na ile habari ya zizini?"

"Niliitunga hapa hapa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina mlango huu mmoja," alisema Chediel, na sasa sauti haikuwa laini tena. "Ukifungwa huu mimi siyo mpiga picha tena. Dada, nimekuwa mpiga picha tangu sijaoa. Sina kitu kingine ninachojua kukifanya vizuri. Niweke hata miezi mitatu, uone."

Jesca aliikunja fomu mara moja, akaikunjua. Hakuwa na uso wa mtu anayefurahia.

"Ungeniambia kwamba ulisikia vibaya, ukakaa siku mbili kwenye samadi kwa ajili ya kusikia vibaya, ningekupa hii kabla sijafika picha ya mwisho. Nisikilize. Kule Rungwa hakuna atakayekusimamia. Utaniletea picha na maneno chini yake: huyu ni fulani, alisema hivi, mzinga ni wake. Mimi niko Dodoma. Nitayaaminije?"

Chediel aliitazama ile L ya ubaoni kwenye kadi.

"Anakwenda Pendo," alisema Jesca. "Lakini usizishushe hizi. Naomba zibaki hadi Jumapili."

Aliziacha. Mbele ya dirisha tayari walikuwa wamesimama watu wanane au tisa, na mwanamume mmoja alikuwa amevua kofia bila kujua. Mwalimu Eliana alimshika mkono Chediel hadi nje, wakasimama kivulini mwa ukuta mpaka basi la Ihanja lilipofika na mwalimu akapanda.

Yustina alikuwa uani anachambua mlenda. Aliutazama uso wake, akasogeza ungo akampa nafasi ya kukaa.

"Walikuwa na picha nzuri zaidi?"

"Hapana. Zangu ndizo zilizokuwa nzuri." Akamsimulia yote, tangu bango hadi kalamu. Yustina alianza kucheka kwenye kadi, akajizuia, akashindwa, akacheka hadi akalazimika kuinamia ungo, na alipoinuka uso ulikuwa umelowa na hakuwa anacheka tena.

"Kwa hiyo ulikuwa nayo kazi," alisema. "Ilikuwa mkononi mwako."

"Ilikuwa mkononi."

Alichambua majani matatu, manne. "Lete simu. Nitaongea mimi, wewe leo umeongea vya kutosha."

"Acha. Nitampigia mwenyewe."

Akapiga. Iliita muda mrefu, ikapokelewa na upepo kwanza, kisha sauti ya kaka yake.

"Andrea. Yule mtu wa kushika plau, umeshampata?"

"Nimpate wapi? Vijana wote wako kwenye bodaboda. Kwani vipi?"

Chediel akamtazama mkewe. Yustina hakuinua macho kwenye ungo.

"Tunakuja Jumatatu," alisema.