Mashati Manne ya Kumtembelea Bibi Mkunga

Vijana wa kanisa walipotangaza mwezi wa kuwaheshimu wazee, Katibu wao ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, maana mpango ulikuwa wake. Kila kijana apewe mzee mmoja, amtembelee kila Jumapili kwa majuma manne, na picha iwekwe kwenye kundi la simu ili wavivu wasipate pa kujificha. Nguvu za soda hizo, tunazijua.

Yeye alipangiwa Bibi Mkunga, mjane aliyezalisha nusu ya waumini wa kanisa lile, Katibu mwenyewe akiwemo. Bibi aliishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa na presha, na kizunguzungu kilikuwa kimeshamwangusha mara mbili. Binti yake alifanya kazi mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi, na aliposikia habari za mpango ule akaomba aingizwe kwenye kundi. "Nikimwona mama kila Jumapili nitapata usingizi," alimwandikia Katibu. Katibu akamwingiza.

Jumapili ya kwanza kijana alifika na begi. Ndani mlikuwa na mashati matatu. La nne alikuwa amelivaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuhamia?"

Akamweleza bila haya: mitihani imekaribia, kwaya ina mazoezi, bora wapige picha zote leo. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi na mimi nibadilishe kilemba, wasije wakasema ninacho kimoja tu." Wakapiga ya kwanza kwenye kochi, ya pili mlangoni, nyingine jikoni bibi akimenya viazi, na ya mwisho dirishani amemshika kijana bega. Alifurahi kweli, na hilo ndilo linalouma. Alidhani ni utani wa bibi na mjukuu, kumbe ndiyo ziara zote.

"Lakini utakuja," alisema akimsindikiza. "Hata bila hiyo simu. Nikianguka humu ndani nani atajua?"

"Nitakuja bibi. Hata Jumapili haitafika."

Hakuja. Jumapili ya pili, ibada ilipokwisha, alisimama nje ya kanisa akatuma picha ya mlangoni na maneno haya: "Leo kwa Bibi Mkunga. Mzima kabisa, anawasalimu." Pongezi zikamiminika. Kisha ukaja ujumbe wa binti, kwake peke yake.

"Asante mwanangu. Tangu jana nampigia hapokei, nikawa nimeshakata tiketi ya basi. Kumbe yuko salama. Basi nairudisha, maana kazini ruhusa ni shida. Mungu akuzidishie."

Katibu aliusoma mara mbili. Roho ilimsuta. Kutoka pale hadi kwa bibi ni robo saa kwa miguu. Angeweza kwenda. Angeweza hata kumwandikia mama wa watu: usirudishe tiketi, leo sikwenda. Lakini habari ingemfikia mchungaji, na wiki iliyopita tu ni yeye aliyesimama mbele ya kanisa kuwakemea wenzake kwa uvivu. Akaandika "Amina," akaingia mazoezini.

Jumanne fundi viatu wa jirani alivunja mlango. Bibi alikuwa sakafuni, amekata roho, amejiburuta kutoka jikoni hadi hatua mbili kutoka mlangoni. Daktari alisema alivunjika nyonga, na kwamba hakufa siku aliyoanguka. Alianguka lini, hakuna aliyejua.

Mazishini mchungaji alimtaja Katibu kuwa mfano kwa vijana wote. Kijana alisimama na tai yake shingoni akaangalia viatu vyake. Kaburi lilipofukiwa, binti wa marehemu akamwendea, macho yamevimba.

"Wewe ndiye uliyemwona mwisho. Niambie ukweli mwanangu. Jumapili alikuwa amesimama?"

Katibu alijua anaulizwa nini. Kama Jumapili alikuwa amesimama, basi aliteseka siku moja, pengine mbili. Kama sivyo, alilala pale chini tangu Jumamosi, akiisikia simu ya mwanawe ikiita juu ya meza asiweze kuifikia.

"Alikuwa amesimama, mama. Alinisindikiza mpaka mlangoni."

Baadaye angejidanganya kwamba alisema hivyo kwa huruma. Huruma gani? Aliogopa, basi.

Yule mama akamkumbatia mbele ya waombolezaji wote, akalia kama mtoto. "Wewe mtoto wa watu ulikwenda," alisema, "na mimi niliyemtoka tumboni nikarudisha tiketi. Mungu atanisamehe kweli?"

Katibu akampigapiga mgongoni.

"Atakusamehe, mama," alisema.