Sauti Iliyotoka Mlangoni

Mume wangu na kaka yangu walipiga tarumbeta katika bendi moja ya swingi, ile jazi ya kuchezea dansi, watu kumi na saba, majaketi ya rangi ya maziwa yenye kola nyeusi. Kola zile nazijua kwa sababu nilizishona mimi, na zilinitoa jasho. Kisha wakanuniana miaka thelathini na moja, na kila Jumapili wanakutana kununiana sebuleni kwangu.

"Mwambie kaka yako asogeze kiti."

"Dada, mwambie mumeo kiti kina miguu minne, mimi ninayo miwili tu, na mmoja unauma."

Na mimi katikati, natumwa kama barua.

Chanzo ni kelele. Siku waliyorekodi, mwishoni mwa wimbo bendi nzima ilinyamaza kidogo kabla ya kupuliza ule mlio wa kufungia. Katika kimya kile kitu kikasema ting'. Muda wa studio ulikuwa umekwisha, ikabaki hivyo hivyo. Kila mmoja akaapa kwamba mwenzake ndiye aliyeangusha kizibo cha bati cha kupunguzia sauti ya tarumbeta. Santuri yetu ina mikwaruzo mingi mno, haikuweza kuamua.

Jumapili iliyopita mjukuu wetu, fundi mitambo wa redio, alikuja na spika mbili ndefu kama watoto wa darasa la kwanza. Alikuwa ameupata utepe wenyewe wa studio.

"Mwenye kosa anaomba radhi leo leo," akasema. "Bibi apumzike kutumwatumwa."

Akawasha. Jamani! Nilisikia saksafoni tano zikivuta pumzi kabla ya kuanza. Nikasikia vidole vya mpiga besi vikiteleza kwenye nyuzi, na brashi juu ya ngoma kama mtu anayefagia ua asubuhi. Tarumbeta zilipoingia, pazia likatikisika. Wazee wangu wakapiga miguu mwendo mmoja, pamoja na ule unaouma.

Kisha kimya. Ting'. Na nyuma yake, kra.

"Bati hilo?" akauliza kaka yangu.

"Bati halilii hivyo," akajibu mume wangu, akasahau kwamba hawaongei.

Mjukuu akarudisha. "Imetoka kushoto kabisa, mlangoni. Nani alikaa mlangoni?"

"Hapo hapakuwa na mpigaji," mume wangu akasema polepole. "Palikuwa na fundi cherehani. Alikuja kushona kifungo cha mpiga ngoma."

Mimi nilikuwa nimeshautambua mlio ule. Mkasi wangu mzito, ukianguka sakafuni na kufunguka.

"Ulikuwa unateleza," nikasema.

Walicheka mpaka kaka yangu akavua miwani. Wakashikana mikono. Kisha mume wangu akajinyoosha kitini.

"Shemeji, mwambie dada yako alete chai."

"Mwambie wewe, ni mkeo. Mimi siongei naye."

Nikawaletea, sukari nikaiacha kabatini. Nikawasikia wakinong'onezana, "Mwambie haina sukari," "Mwambie wewe," na mwishowe wakainywa hivyo hivyo. Nikamwomba mjukuu arudishe wimbo mwanzo, aongeze sauti.