Bingwa wa Baridi wa Mtaa wa Kongo

Mwaka huo kipupwe kiliingia Dar es Salaam kama mgeni asiyejua kubisha hodi. Watu waliamka asubuhi moja ya Julai wakakuta feni zinawaudhi, vigae vinawang'ata nyayo, na maji ya kuogea yamegeuka adui. Kariakoo wauza maji ya baridi wakabaki wamekumbatia ndoo zao kama waliofiwa, huku wauza kahawa wakitembea vifua mbele. Bodaboda walivaa soksi mikononi. Kuna mtu alirusha kwenye magrupu ya WhatsApp picha ya theluji juu ya bati, akaapa kwamba ni Buguruni, na nusu ya mji ikamwamini. Baadaye ikajulikana ni barafu ya friza iliyomwagwa kwa koleo.

Mtu mmoja tu katika Mtaa wa Kongo alishukuru kwa yote hayo, naye alikuwa Siwema.

Siwema aliuza mitumba kwenye baraza ya duka la Bi Mauza, mama wa Kiarabu aliyekuwa akiuza majuba na udi hapo tangu Siwema hajazaliwa. Mwezi wa Machi, jua likiwa la utosi, Siwema alifungua belo lililoandikwa nguo nyepesi za watoto. Yakatoka makoti. Makoti mazito ya nchi za theluji, yenye kofia za manyoya na zipu nene kama meno ya mamba, mengine yakifika kwenye vifundo vya miguu. Mtaa mzima ulicheka. Kuna aliyemuuliza kama anafungua duka kwa ajili ya dubu. Akayasokomeza stoo kwa Bi Mauza, akameza aibu yake.

Basi baridi ilipopiga, aliyatoa yote, akayatundika mstari mzima, na wateja wakaanza kusogea. Walipapasa manyoya, wakajipima, wakatabasamu. Biashara ilikuwa inakaribia kuitwa biashara, kama si Zahoro.

Zahoro aliuza chaja na nyaya za simu upande wa pili wa mtaa. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mdomo usiojua sikukuu. Kila mtu alijua kwamba Zahoro amekaa Norwei miaka mingi, kwa sababu kila mtu alikuwa ameambiwa na Zahoro. Siku hizo, wakati wenzake wamejikunyata, yeye alisimama mbele ya meza yake na singlendi, mikono kiunoni, akipiga kelele.

"Hiki nacho mnakiita baridi? Norwei unatema mate, yanafika chini yanadunda! Mzee, weka koti hilo chini, usijidhalilishe. Wewe ni mwanamume wa Ilala au mdoli?"

Na mzee, aliyekuwa tayari ameingiza mkono mmoja, aliutoa taratibu, akaenda zake akitetemeka kwa heshima.

Siku ya kwanza Siwema alicheka. Siku ya pili alinuna. Siku ya tatu kijana mmoja aliyekuwa amevalia kwenda harusini alitupa koti kwenye meza baada ya kuitwa mdoli, na Siwema akavuka mtaa.

"Kaka Zahoro, hivi mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, dada Siwema. Mimi naelimisha jamii tu."

"Na wewe baridi huisikii kabisa?"

"Ipo wapi nikaisikie?"

"Ipo Feri," Siwema alisema. "Binamu yangu Bakili anasimamia chumba cha kugandishia samaki. Twende tuingie wote wawili, mimi bila koti, wewe na singlendi yako hiyo hiyo. Atakayetoka wa kwanza ameshindwa. Ukishindwa wewe, hutafungua tena mdomo mbele ya mteja wangu. Nikishindwa mimi, nayarudisha makoti stoo."

Maneno hayo aliyasema kwa sauti ya kutosha kufika mpaka kona ya Mtaa wa Mkunguni, na hilo lilikuwa kusudi lake. Watu wakageuka. Muuza kahawa akatua birika lake. Zahoro alitazama huku, akatazama kule, akaona hakuna mlango.

"Ulaya yenyewe nimeimaliza," alisema, "sembuse friji ya Feri!"

Siwema alijua moyoni kwamba mtu huyu anapiga fiksi. Hakuwa na ushahidi, ila Zahoro alipoulizwa mji gani wa Norwei, alijibu, "Ule ule wa katikati." Hesabu ya Siwema ilikuwa rahisi: mwongo ataingia, ataonja, atakimbia.

Bi Mauza aliposikia, alishika kichwa. "Mwanamke na mwanamume kufungiana kwenye chumba? Watu watasema nini?" Kisha, kwa kuwa udaku haukuwahi kumpita mlangoni bila kukaribishwa, akafunga duka mapema, akavaa khanga mbili juu ya baibui, akaenda nao ili akae mlangoni kulinda maadili.

Bakili hakufurahi. "Da Siwema, mkizimia humo mimi ndiye nitakayeulizwa. Mlango siufungi, narudishia tu. Ukisukuma, unatoka." Akafungua. Moshi mweupe ukatambaa chini na kuwalamba miguu.

Siwema alikuwa amejiandaa kwa baridi. Hiyo haikuwa baridi, ilikuwa kofi. Alipovuta pumzi, pua yake ilikauka ndani kama imejazwa mchanga. Dera lake lilikakamaa. Pande zote majodari na nguru walikuwa wamepangwa kama magogo, macho meupe, vinywa wazi, kana kwamba nao waliingia kwa ubishi. Mlango ukarudishiwa nyuma yao.

Akamtazama Zahoro, akingoja kumwona akiyeyuka.

Zahoro hakuyeyuka. Bila neno, aliokota maboksi matupu pembeni, akayakanyaga yakalala bapa, akasimama juu yake. Akachana kipande kingine, akakiingiza ndani ya singlendi, kifuani. Kisha akaanza kuyumba polepole mguu hadi mguu, mikono kwapani, kama mtu anayesubiri chai.

"Njoo usimame kwenye boksi," alisema. "Na hizo sendo zako za plastiki! Baridi inapandia miguuni, dada. Usiguse chuma hicho, una jasho mkononi, kitakunasa ngozi."

Siwema alipanda juu ya boksi. Meno yake yalianza kugongana yenyewe, na alichukia sauti yake. Hofu ndogo ikamwingia. Je, kama kweli alikaa Norwei?

Kutoka nje sauti ya Bi Mauza ilipenya. "Mko hai?"

"Tuko hai!" Zahoro alijibu kwa furaha. Akamgeukia Siwema, na kwa kuwa alikuwa anashinda, mdomo ukafunguka kama kawaida. "Hapa padogo. Sisi kule tulikuwa na chumba unaweza kuingiza lori. Unaingia alfajiri, unapanga sangara mpaka dari, ukitoka nyusi nyeupe kama babu. Na ole wako uache glovu..."

"Unapanga n-n-nini?"

"Samaki."

"Umesema sangara."

"Nimesema salmoni."

"Zahoro, m-m-masikio yangu hayajaganda. Sangara ni wa Ziwa Victoria. Huko N-N-Norwei alifikaje, kwa basi?"

Zahoro aliacha kuyumba.

"Punguza sauti," alisema, akiangalia mlango.

Na hapo, kwa kuwa baridi haimpi mtu muda wa kupamba, aliyasema yote kwa kifupi. Ni kweli aliagwa. Mama yake alipika biriani, mtaa mzima ukaja, shehe akaomba dua. Wakala aliyemwahidi safari alimpitisha Mwanza, eti ndege ya Ulaya inaunganishwa huko, akamwacha gesti na karatasi isiyo na maana.

"Ningerudi na uso gani, dada? Sufuria za biriani zilikuwa hazijaoshwa. Nikaomba kazi kiwanda cha samaki, wakaniweka chumba cha barafu. Mama alipopiga simu kuuliza Ulaya kukoje, nikamwambia kuna baridi. Sikumdanganya."

Siwema alitaka kucheka, taya zikakataa. Alikuwa amekuja kuukamata uongo, ameukamata, na sasa umemchoma mkononi kama kambare. Alimwona mtu yule akiwa kijana, anapokea simu ya mama yake katikati ya samaki waliokufa, anatafuta sentensi moja ya kweli ya kumwambia. Huruma ilimpata.

Huruma, lakini biashara pia ni ibada.

"Sitasema," alisema. "Kwa sharti. K-kesho unavaa koti mbele ya meza yangu, na unawaita wateja."

"Koti lipi?"

"Lile la p-pinki. La manyoya."

"Lile la kike? Afadhali nife humu na hawa jodari!"

"Bi Mauzaaa!" Siwema aliinua sauti. "Hivi unamjua sanga..."

"Sawa! Sawa! La pinki!"

"Na tunatoka pamoja. Hakuna mshindi."

"Hakuna mshindi," Zahoro alikubali. Wakasogea mlangoni bega kwa bega. Zahoro akausukuma, akainama kidogo, akanyoosha mkono kwa adabu. "Tafadhali, dada. Wanawake kwanza. Ndiyo ustaarabu wa Ulaya."

Siwema alikuwa ameshainua mguu alipoiona ile tabasamu. Mguu ukabaki hewani. Akaurudisha chini.

"Bi Mauza!" alipaza. "Huyu kaka anasema Norwei kuna sangara!"

Zahoro aliruka nje kama chura aliyekanyaga kaa la moto, akapiga ndoo ya dagaa teke, akatua kwa magoti katikati ya wakaanga samaki waliokuwa wamejazana kutazama. Feri nzima ikalipuka kwa vifijo, na neno la sangara likamezwa humo. Siwema akatoka nyuma yake, mdogo mdogo, kope zikiwa na chunya ya barafu.

Mlinzi wa maadili hakuwepo mlangoni. Alikuwa hatua kadhaa mbele, amemkamata muuza pweza, wanabishana kuhusu ukubwa wa mnyiri, na kelele ndizo zilizomgutua.

"Nani katoka kwanza?"

"Zahoro!" watu walijibu.

"Nimemwonea huruma," Zahoro alisema akijipangusa dagaa. "Alikuwa anakata roho, nikaona nimsitiri."

Siwema alifungua kinywa kumkanusha, yakatoka meno tu: ta-ta-ta-ta. Ikaonekana kama ushahidi. Bi Mauza akamvika khanga zake zote mbili na kumnywesha tangawizi, akinung'unika kwamba pweza wake ameuzwa kwa mtu mwingine.

Kesho yake Mtaa wa Kongo ulishuhudia Zahoro ndani ya manyoya ya pinki. Asubuhi alivaa kama mfungwa. Adhuhuri alikuwa amenogewa. Kipaji ni kipaji, hata ukikibadilishia upande wa mtaa.

"Nani aliwaambia mwanamume haoni baridi? Nimewahi kuona wanaume wenye ndevu kama kamba za meli wanalia machozi, na machozi yanaganda! Vaa, mzee wangu, vaa. Mgonjwa haongozi nyumba!"

Hakutaja Norwei hata mara moja, na hakuna aliyegundua, kwa sababu Siwema peke yake ndiye aliyekuwa anasikiliza kwa sikio hilo. Makoti yalitoka kama maandazi. Hata Bakili alikuja na wenzake wa Feri, wakachukua mengi kwa kazi yao ya barafu, wakajiuliza kwa nini miaka yote hiyo walikuwa wanavaa magunia.

Kisha, kama lilivyo jiji hili, jua likarudi bila kuomba radhi. Jasho likarudi nalo. Zahoro bado alikuwa ndani ya koti, kwa kuwa Siwema alitafsiri mkataba wao kwamba unaisha koti la mwisho likiuzwa, na la mwisho ndilo lililokuwa mwilini mwake. Uso wake uling'aa kama embe lililopakwa mafuta.

"Dada, hii sasa ni dhuluma."

"Vumilia, kaka. Si umezoea hali ya hewa ngumu?"

Siku hiyo alikuja msichana mwembamba aitwaye Khairunnisa, mjukuu wa ndugu yake Bi Mauza, kutoka Mchafukoge. Alimsalimia bibi yake, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu," kisha akasimama mbele ya Zahoro, mikono ikichezea mtandio.

"Wamesema wewe umeishi Norwei. Nimepata nafasi ya kusoma huko, naondoka mwezi ujao. Nyumbani wananipongeza tu. Mimi naogopa, mjomba. Naogopa ile baridi mpaka silali. Niambie ukweli, kukoje?"

Siwema aliacha kukunja nguo. Zahoro alimtazama, na Siwema hakumsaidia wala hakumtisha. Alitaka kuona mwenyewe.

Zahoro alijifuta jasho. Alikaa chini kwenye kigoda ili asimtazame mtoto kwa juu.

"Baridi haiui mtu anayeiheshimu," alisema taratibu. "Vaa nguo nyingi nyepesi zilizolegea, moja juu ya nyingine, kabla hujavaa nzito. Ukitoka jasho, badili ya ndani haraka, jasho ni hatari kuliko upepo. Vidole vikiuma ni vizuri, viko hai. Vikiacha kuuma, kimbilia ndani. Soksi kavu ziwe kwenye mkoba siku zote. Na ule. Usione aibu kula. Siku za kwanza utalia, halafu utazoea, na ukizoea utaanza kuwacheka wageni."

Khairunnisa alitikisa kichwa kwa kila neno, mabega yakishuka. "Na watu wake? Wakoje?"

Zahoro aliinuka kutoka kwenye kigoda. Gari la mkokoteni lilipita, msukumaji akipiga kelele watu wampishe.

"Watu sikuwajua," alisema. "Ukiwajua, nipigie simu unihadithie. Nitafurahi sana."

Akavua koti la pinki, akalikung'uta, akalipanga vizuri mikononi mwa msichana. Singlendi ilikuwa imelowa chapachapa. Bi Mauza akatokea na kichupa cha udi kulinyunyizia manyoya, maana lilikuwa linanuka beberu.

Siwema alimwita muuza maji ya baridi aliyekuwa akipita, akampa Zahoro chupa mbili. Ya kwanza alijimwagia kichwani.