Palipokuwa Redi

Nyapara Halfani alirudi kutoka kambi ya Wazungu wa mashamba ya karanga, Nachingwea, na neno moja la Kizungu, redi, yaani tayari, likamtosha kwa kila kitu. Chai ikichemka, redi. Watu wakijipanga mstari, redi. Hata binti wa jirani yetu Dorotea alipokua, Halfani alisema huyu naye redi, mama mtu akamfukuza kwa mwiko. Tulicheka.

Sikucheka nilipomkuta makaburini kwetu akipigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Ulikuwa mwisho wa Shaabani. Kila mwaka kabla ya mfungo tunapalilia makaburi, na zamu yangu nilikuwa nimeimaliza: nimeng'oa nyasi zote, nimefagia mpaka kwa marehemu mume wangu, Bashiri. Kwetu kaburi halijengewi. Jiwe la kichwani, jiwe la miguuni, basi.

"Bwana mkubwa amepita na gari," Halfani akasema. "Kaona peupe, hapana kisiki. Kasema redi. Keshokutwa matrekta yanalala hapa."

"Hapa yumo Bashiri. Jeneza ulilibeba wewe."

"Najua, shangazi. Nimemwambia. Kaniuliza makaburi yako wapi, mbona yeye anaona uwanja."

Nikamuuliza kama yule bwana anadhani uwanja unajifagia wenyewe. Halfani akasema Kizungu hakina maswali hayo. Wakishasema redi, wamemaliza. Kama wangeona pori, wangesogea ng'ambo ya barabara, maana pori lina kazi kulifyeka.

Nilikwenda kwa jumbe. Akanijibu nisubiri baraza, wiki ijayo. Nilirudi nyumbani hata salamu za watu siitikii vizuri.

Alfajiri, baada ya sala, nikachukua panga. Nilikata miiba, nikaiburuta na mabua ya mtama, nikayafunika makaburi yote. Nyasi nilizozing'oa nikazirudisha kwa mikono yangu. Gari lilipopita, bwana akatikisa kichwa, akaonyesha ng'ambo. Halfani aling'oa vigingi bila kunitazama.

Mkesha wa mfungo wifi yangu Sabaha akaja na wenzake kusoma Yasini. Akasimama pale, mkono kiunoni.

"Wifi, ndio usafi gani huu? Kaka yangu analala jalalani, na mwezi mtukufu unaingia?"

Nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akainama avute tawi moja tu, la kichwani. Nikamshika mkono. Matrekta yalikuwa yananguruma ng'ambo, na bado hayajalala.

"Liache," nikamwambia. "Soma hivyo hivyo."