Mzamiaji wa Mzunguko wa Tatu

Usiku wa jana niliota mashine ya kusoma protini imevaa suti, imesimama mlango wa ukumbi, inakagua kadi za harusi.

Mimi naosha vyombo maabara. Siku yangu ya kwanza kazini nilielezwa kwamba protini ni kama uzi wa shanga. Mashine hukata shanga moja ya mwisho, husoma jina lake, halafu inarudia. Kila shanga huchora kilele chake kwenye karatasi. Kwa hiyo sikushangaa.

Shanga zinaingia moja moja.

"Glisini," inasema ya kwanza, inatoa kadi.

"Alanini, na huyu mume wangu."

"Kadi ni ya mtu mmoja," inasema mashine. Mume anarudi nje bila ubishi.

Mzunguko wa tatu kinaingia kilele kirefu kisicho na kadi. Kinacheza, na muziki bado.

"Jina?"

"Nimekuja kula."

Mashine inanigeukia. "Mzamiaji huyu, Nakiete. Mwosha vyombo ni wewe. Mtambue kabla mzunguko haujaisha. Ukishindwa namfuta, na ripoti itaandika uchafu."

Neno hilo nalisikia kila siku kazini. Safari hii liliniuma.

"Tupitishe sampuli tupu," nasema. Ni maji matupu, hayana protini. Atakayeonekana humo hakuja na protini, amekuja na sisi.

Wageni wanabeba sahani zao, wanatoka. Maji yanakaa kwenye viti. Kilele kiko palepale, kinacheza peke yake.

"Wewe ni sabuni?" nakiuliza.

"Sabuni gani inakata kiuno hivi?"

"Mabaki ya kemikali za mashine?"

Mashine inakohoa. "Mabaki yangu huja na sare. Wale pale." Kweli, kwenye kona vimekaa vilele vitatu vya kitenge kimoja, vinakula pilau.

"Mimi ni unywele," kinasema kilele. "Umenileta wewe, kwenye kitana."

Hapo ukumbi ni uwani kwetu Usangi, mchana, na mimi nimekaa mkekani katikati ya magoti ya dada yangu Nambua. Dada alifariki mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo sijasukwa na mtu. Kila asubuhi nachana kwa kitana chake, na sijawahi kukiosha, mimi ninayechemsha kila chupa mara mbili.

"Hiki kichwa kimekuwaje?"

"Nilikuwa nakungoja, dada."

"Mimi nina shughuli, mdogo wangu. Huku harusi ni nyingi na kadi hawanipi."

Hata alipokuwa hai hakupewa. Alikula harusi za watu asiowajua, akaosha sahani, wazazi wa bibi harusi wakamshukuru.

Mashine inainama kati yetu. "Mzunguko unakwisha. Niandike nini?"

"Andika jina lake. Ni Nambua."

"Fomu inachukua herufi tatu tu."

"Basi andika Nam," anasema dada. "Wanaonijua watajaza."

Mashine inaandika NAM, inagonga muhuri, inavua koti na kuingia kucheza. Wale wenye sare wanaipisha katikati.

Kwa mkono wake wa kushoto dada ananisuka mstari mmoja, nyuma ya sikio. "Iliyobaki atamalizia Mama Chilongola jirani yako. Anasuka vizuri, ila anaongea sana."

"Sitaki mkono wa mtu mwingine."

"Utauzoea. Na kitana ukioshe. Watu wako kazini, nawaharibia."

Nilipoamka jua lilikuwa limeingia hadi kitandani. Komeo la mlango lilikuwa kama nilivyoliacha. Nywele zangu zilikuwa timutimu vilevile.

Nilikiosha kitana kwa maji ya moto, nikaenda kugonga kwa Mama Chilongola. Alifurahi, akaanza kuongea kabla sijakaa. Alipofika nyuma ya sikio akainamisha kichwa changu kwenye mwanga.

"Huu mmoja kakusuka nani?"

Nikapeleka mkono. Ulikuwepo, mwembamba, umekazwa vizuri.

"Maana huyu," akasema Mama Chilongola, "anasukia mkono wa kushoto."

Nikamwambia aendelee kuanzia hapo.