Kengele ya Saa Mbili Iliyolia Saa Tano

Kompyuta ya karani wa shule ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko wanafunzi wote wa kidato cha kwanza, na haikuficha. Ukiiwasha ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza kidogo kama inayojiuliza kama kuna haja ya kuendelea, ndipo ikafunguka. Lakini kazi yake iliijua, nayo ilikuwa kupiga kengele. Waya mwembamba ulitoka nyuma yake, ukapita dirishani, ukapanda hadi kwenye vipaza sauti viwili vya paani. Ndani mlikuwa na programu ndogo ya zamani, ambayo karani mwenyewe aliipanga miaka kumi na tisa iliyopita. Mlio mmoja mrefu, saa mbili asubuhi, tokeni mpange mistari. Miwili mifupi, saa tano, mapumziko. Mitatu, saa tisa, nendeni kwenu.

Karani huyo wanafunzi walimwita Mama Kengele, walimu wakadaka jina, na siku hizi hata mumewe akipiga simu ofisini humwulizia hivyo hivyo. Kila asubuhi alikuwa na desturi moja. Kwa kuwa saa ya kompyuta ilichelewa dakika moja au mbili kwa siku, alivua miwani, akasogeza uso mpaka pua ikaribie kugusa kioo, akalinganisha na saa yake ya mkononi, akasahihisha. Ndiyo maana hakuna mtu pale shuleni aliyejisumbua na saa. Mwalimu wa hesabu alivaa saa iliyosimama tangu mwaka juzi na hakupungukiwa na chochote.

Sasa Mkuu wa shule alitaka matokeo ya mitihani yaingizwe kwenye programu mpya, na programu mpya iliukataa katakata mfumo endeshi wa zamani, ule unaoiendesha kompyuta yenyewe. Mfumo mpya nao ungeifuta kengele. Kompyuta nyingine haikuwapo. Kazi ikamwangukia mwalimu wa kompyuta, kijana mrefu aliyeitwa Mwalimu Waya kwa sababu mifuko yake haikuwahi kukosa waya wa kitu fulani. Alikuwa katika mwezi wa tano wa miezi sita ya majaribio, na fomu ya kumthibitisha kazini ilikuwa mezani kwa Mkuu, ikisubiri sahihi.

"Tutaweka yote miwili, mama," alimwambia karani. "Diski naigawa. Huku wa zamani na kengele yako, huku mpya na matokeo."

"Na hiyo kengele hutaigusa?"

"Sitaigusa hata kwa kidole."

"Nimeshaambiwa hivyo na mafundi wengi, mwanangu. Wengine walitoka hapa na skrubu zimebaki mezani."

Jumamosi alifanya kazi kwa adabu zote. Kwanza alinakili kila kilichokuwamo, kisha akaubana mfumo wa zamani upande mmoja wa diski, akausimika mpya upande wa pili. Mama Kengele alisimama nyuma ya kiti muda wote, mikono kifuani, akiuliza kila mstari uliopita una maana gani. Mwisho ikatokea orodha fupi ya majina mawili kwenye kioo.

"Ukiwasha, unachagua," Mwalimu Waya alieleza. "Usipochagua, baada ya sekunde kumi inafungua wa zamani yenyewe."

"Hapo umenifikiria," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa.

Jumatatu kengele ya asubuhi ililia barabara. Saa tatu Mwalimu Waya akaja, akachomeka waya wa intaneti, akafungua mfumo mpya, akaingiza matokeo ya darasa moja kwa dakika ishirini, akairudisha kompyuta kwenye mfumo wa zamani kabla ya kengele ya mapumziko, akaenda zake akipiga mluzi.

Saa tano ilipofika, vipaza sauti vikatoa mlio mmoja mrefu.

Watoto walikuwa na njaa, walikuwa wameshafunga madaftari, lakini miguu yao ilisikia mlio mmoja ikawapeleka uwanjani. Wakapanga mistari. Mwalimu wa zamu akatoka na daftari lake akaanza kuandika waliochelewa. Mwalimu wa hesabu akasimama mbele ya darasa lake, mikono nyuma, na jua liko juu kabisa ya paa. Mkuu wa shule mwenyewe akatoka ofisini, akasimama juu ya ngazi, akasema, "Habari za asubuhi," na sauti mia sita zikamwitikia kuwa ni nzuri. Ndipo alipowaona wageni wake wawili wa ofisi ya elimu, aliokuwa amewaacha na chai, wamesimama mlangoni wanatazama saa zao.

Aliingia ofisini kwa karani na nusu ya walimu nyuma yake.

"Mama, hii ni nini?"

Mama Kengele alikuwa ameshavua miwani, uso umegota kiooni. Saa ya kompyuta ilisema ni saa mbili na dakika saba.

"Ni mimi," akasema taratibu. "Asubuhi nilirekebisha saa. Nitakuwa nimebonyeza sehemu ya saa badala ya dakika."

"Lakini saa mbili ililia sawasawa."

"Basi sijui. Nitakuwa nimeigusa baadaye. Hakuna mwingine anayeigusa."

Akairekebisha pale pale, watu wakimtazama. Mkuu hakufoka. Alimwekea mkono begani akasema, "Umri huo, mama. Macho yanachoka, akili inachoka. Si kosa lako." Angefoka ingekuwa afadhali.

Mwalimu Waya naye aliamini vivyo hivyo, na alimhurumia kweli. Mchana akarudi kumalizia matokeo. Alifungua mfumo mpya, akafanya kazi yake, akaufunga, akafungua wa zamani, na alipokuwa akiinuka jicho lake likaangukia pembeni mwa kioo. Saa ilikuwa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Ile ile aliyoirekebisha Mama Kengele kwa mkono wake, mbele ya mashahidi.

Akakaa tena. Hakuhitaji hata dakika kuelewa. Mifumo ile miwili ilisoma saa moja iliyo ndani ya kompyuta, ila kila mmoja aliisoma kivyake. Wa zamani uliichukua kama saa ya hapa. Mpya uliichukua kama saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya hapa kwa saa tatu, na kwa kuwa leo ulipata intaneti, uliuliza saa sahihi na kuiandika upya kwa hesabu zake. Fundi yeyote aliyewahi kuweka mifumo miwili analijua hilo. Hata yeye alilijua. Alikuwa amesahau tu.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa amri, wa kuuambia mfumo mpya uisome saa hiyo kama ya hapa. Akarudi kwenye mfumo mpya, akauandika, akahakikisha, ikawa imekwisha. Kesho kengele ingelia kwa wakati na hakuna ambaye angeuliza. Karani ameshakiri, Mkuu ameshasamehe, wageni wameshaondoka, na fomu iko mezani. Akisema, kitumbua chake kitaingia mchanga. Akinyamaza, nani ataumia? Mimi simlaumu kwa kuwaza hivyo. Nawajua watu wazima, wenye vyeo, waliowaza hivyo na kuishia hapo.

Mama Kengele akaingia. Alikuwa na mfuko, na akaanza kutoa vitu kwenye droo: kikombe, sweta, miwani ya akiba.

"Unasafiri, mama?"

"Nimeandika barua. Imebaki miaka mitatu nistaafu, lakini nimeomba niende sasa. Nampelekea Mkuu." Akakunja sweta, akalikunjua, akalikunja tena. "Unajua nimefanya nini baada ya ile kengele? Nimempigia mume wangu aende jikoni akaangalie kama nilizima jiko. Nilikuwa nimezima. Lakini nilipokuwa namsubiri ajibu, mwalimu, sikuwa na hakika. Sijawahi kutokuwa na hakika na jiko langu."

Mwalimu Waya aliinuka. Akachukua ule mfuko mkononi mwa karani.

"Twende wote," akasema.

Mbele ya Mkuu alieleza yote akiwa amesimama: mifumo miwili, saa moja, intaneti, mstari wa amri ambao alipaswa kuuandika Jumamosi na hakuuandika. Alieleza vibaya, akirukaruka, akirudi nyuma. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaivuta fomu kutoka chini ya makaratasi akaiweka juu ya barua ya karani.

"Unajua hii ni nini?"

"Najua, mwalimu mkuu."

"Sitaisaini leo."

"Sawa."

Mama Kengele hakuitazama fomu. Alikuwa anamtazama kijana.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe, mama. Hukugusa kitu. Ni mimi."

"Sema tena. Polepole."

Akasema tena, safari hii kwa mpangilio, na karani akaitikia kwa kichwa kila baada ya sentensi kama anayehesabu. Alipomaliza, Mama Kengele akanyoosha mkono, akaichomoa barua yake kutoka chini ya fomu, akaichana vipande vinne bila kumwomba mtu ruhusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Sasa nenda kamwambie na mwalimu wa zamu," akasema. "Leo amenishika mkono kunishusha zile ngazi tatu za nje. Mwambie sasa hivi, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, kwa sababu nataka kuzishuka mwenyewe."

Mwalimu Waya akaenda kumtafuta.