Springi Zilizo Macho

Mtasema natunga, na sitamlaumu mtu. Lakini ile pikapu nyeupe ilipiga magoti, mchana kweupe, watu wanaiona, na aliyekasirika alikuwa mmoja tu: mwenye gari.

Ilianza Ijumaa saa nne asubuhi. Fundi Nukta alikuwa amelala chali juu ya katoni, kichwa chini ya bampa, anamulika springi za mbele kwa tochi ya simu. Waliomwita Nukta hawakukosea. Kila kazi aliyoimaliza aliigonga nukta tatu kwa ncha ya chuma. Hata sufuria ya mdogo wake aliyoiziba ilikuwa na nukta tatu kwenye kitako. Gereji yake ilikuwa bati nne zilizoegemea ukuta wa kituo cha afya, na Mkuu wa kituo ndiye mwenye ile pikapu.

Jumapili saa nne kulikuwa na mashindano ya magari ya porini. Mkuu alitaka pua ya gari inyanyuke.

"Zako zimelala, Mkuu," Fundi akasema kutoka chini. Ndivyo mafundi wanavyosema springi zikichoka na vyuma vyake vikanyooka.

"Ninazo zilizo macho."

Mlinzi wa kituo akazileta kwa toroli, zimefunikwa shuka la wodini. Fundi akazipangusa tope. Kwenye chuma cha juu kulikuwa na nukta tatu.

Alizigonga mwenyewe mwaka juzi, alipozifunga kwenye gari ya wagonjwa. Gari hiyo ilikuwa imeegeshwa nyuma ya maabara mwezi wa tatu sasa, inasubiri betri. Na nyumbani kwa Fundi, juu kabisa mlimani, ambako barabara ni mawe matupu, mdogo wake alikuwa ameingia mwezi wa tisa wa mimba. Mkunga alishawaambia: mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza asitembee, asipande pikipiki, ipigwe simu gari ije.

"Mkuu, hizi si za gari ya wagonjwa?"

"Gari yenyewe haitembei. Chuma kikae pale kufanya nini?"

Fundi akamweleza habari ya mdogo wake. Mkuu akasikiliza vizuri tu, hata akamshika bega. "Akishikwa, nipigie mimi. Nitamfuata na hii hii." Halafu akatazama zile bati nne, akatazama ukuta. "Funga, fundi."

Akafunga. Alipiga jeki, akatoa matairi, akazimwagia mafuta nati zilizoshika kutu, akazingoja, akazigonga nyundo. Za zamani zikatoka zimenyooka kama rula. Hizi nyingine zikaingia zimepinda, zimebeba kifua. Nati za mwisho alizikaza gari ikiwa imeshakanyaga chini, maana springi ukiikaza inaning'inia, mipira yake haidumu. Pua ikawa juu vidole vinne. Mkuu akapiga picha sita.

Haikufika mbali. Mbele ya geti la bibi mmoja mwenye pumu pikapu ikapunguza mwendo yenyewe, ikasimama, ikashusha pua polepole kama ngamia mpaka bampa ikagusa vumbi. Mlango wa kushoto ukafunguka. Bibi akatoka na mkoba na kadi yake ya kliniki, akaingia, akafunga mkanda.

"Leo mmechelewa, mwanangu," akamwambia Mkuu.

Gari ikanyanyuka. Ikakataa kona zote isipokuwa ya kituo cha afya.

Jumamosi ilipiga magoti mara tano. Kwa mwenye jipu, kwa mapacha wenye homa, kwa mwalimu aliyeteguka mguu, na kwa mwenye jipu tena, maana alikuwa amesahau dawa. Mara ya tano ilikuwa kwa jirani yake Mkuu mwenyewe. Kufika jioni watu walikuwa wamekaa kwenye mageti yote na kadi mkononi, wanaulizana imefika wapi. Lalamiko lilikuwa moja: haina godoro.

Jumapili saa mbili asubuhi Mkuu akaingia gereji. Akasema nati zimelegea. Fundi akazipima moja moja, zote zimekaza.

"Si nati, Mkuu. Ziko macho."

"Basi zifumbe."

Alitaka vipande viwili vya chuma vichomelewe kati ya ekseli na chesisi, kulia na kushoto, gari isiweze kuinama hata ikitaka. Fundi akakata vipande. Akavaa miwani nyeusi. Simu ikalia mfukoni.

Alikuwa mdogo wake, sauti ya chini kabisa. "Kaka, maji yamemwagika."

Fundi akamwambia Mkuu. Mkuu akatazama saa. "Neno langu ni lile lile. Kwako ni njiani, tunapita kumchukua. Ila chomelea kwanza."

"Kwanza yeye, Mkuu."

"Kwanza gari. Na anayechelewesha ni wewe."

Mkuu akatoka nje kuongea kwa simu na watu wa mashindano. Fundi akachomelea upande wa kulia haraka haraka, mshono ukatoka umepinda. Upande wa kushoto alikiegesha kipande mahali pake kwa grisi tu, akarusha cheche za kuonekana, hakugusa. Akapiga boneti kofi: tayari.

Wakapanda mlima, Mkuu kwenye usukani, Fundi amesimama nyuma. Mdogo wake alikuwa getini, ameshika nguzo kwa mikono miwili. Gari sasa ilikuwa juu hata siti ilimfika kifuani. Mtu mzima wa afya angepanda kwa kusukumwa, sembuse yeye. Mkuu akasema, unaona, haiinami. Kile kipande cha grisi kikaanguka chini kwa mlio, na pikapu ikapiga goti moja. La kushoto. Ikainama ubavu kama mtu anayemfunga mtoto kamba za viatu. Mdogo wake akaiketia siti, akajivuta ndani.

Alijifungua kwa operesheni saa tano na robo, mtoto wa kike. Mashindano yalikuwa yameanza saa nne.

Jumatatu Mkuu akaja gereji, hana hasira kabisa. Akasema mtoto mzuri. Mama yake naye anaendelea, ila damu haijakatika sawasawa, atalala siku nne tano.

"Kwenye kitanda cha kituo changu," akasema. "Sasa malizia goti la pili."

Fundi akatazama juu ya ukuta. Dirisha la tatu la wodi lilikuwa la mdogo wake. Nepi ilikuwa imeanikwa pale. Akavaa miwani. Akachomelea kushoto, mshono umenyooka, kazi safi. Alipomaliza akachukua nyundo na ile ncha, na kabla hajajua anafanya nini, akagonga nukta tatu.

Siku hizi pikapu haipigi magoti. Ikifika kwa bibi mwenye pumu inapunguza mwendo, pua inatetemeka kidogo, kisha inaenda zake. Bibi anatoka na mkoba kila ikipita, anasubiri mlango ufunguke, anarudi ndani. Gari ya wagonjwa iko pale pale nyuma ya maabara, mbele imekalia mawe. Betri ilikuja. Imewekwa ofisini.

Haya, ungekuwa wewe umelala chini ya ile pikapu, miwani usoni, na nepi ya mtoto wa mdogo wako inakauka dirishani: goti la pili ungelichomelea?